Yote ni Yote

Gatsata, Kigali
9 Februari 1992

Mdogo wangu Mukunde,

Nakusalimu wewe, shemeji Rwechungura na watoto. Sisi tupo. Mama anakula, anasali na anawasema majirani kama kawaida. Barua yako ya Noeli imefika wiki iliyopita ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi mbaya. Tangu vita vianze huko kaskazini, posta yetu ina mtu ambaye kazi yake ni kusoma habari za miguu ya mama yetu. Kama anasoma na hii, namsalimu pia. Leo atajifunza kitu kuhusu maji.

Ni lile tangi. Unakumbuka baada ya msiba wa Baba, tulipomtoa Mama kijijini Gahanga, daktari alisema miguu yake inataka maji ya moto kila asubuhi. Wewe ukasema aje kwako Bukoba, mimi nikasema abaki kwangu, nitamwekea maji ya moto yanayotoka bombani. Basi mwezi wa tisa nikawaita hawa wa kampuni ya Izuba Konfo waniwekee juu ya paa tangi la kupasha maji kwa jua, kama yale ninayoyaona Kiyovu nikienda kupima mapazia ya wazungu. Direkta wao, bwana Viateur, alikuja mwenyewe na tai yake. Alikunywa fanta yangu, akaupigapiga ukuta wa nyumba kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni, kisha akanipa karatasi yenye muhuri: garanti ya miaka saba kwa kazi yote. Nikamuuliza, "Yote maana yake nini?" Akasema, "Madamu, yote ni yote."

Hiyo yote imedumu mpaka Januari. Jumapili moja asubuhi kiungo cha bomba chini ya tangi kiliachia, maji yakajaa juu ya dari ya chumba cha Mama, na dari ikashuka juu ya kitanda. Bahati Mama alikuwa misani.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao. Kuna tangi zuri dirishani, linang'aa, limewekewa na maua. Bwana Viateur aliniacha nisimame, akasoma garanti yangu kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha akasema garanti ni ya tangi. Tangi halikupasuka, kilichopasuka ni kiungo.

"Na kiungo kilikuwa kinafanya nini juu ya paa langu," nikamuuliza, "kama si sehemu ya tangi lako?"

Akasema nimwachie, watatuma fundi. Alisema hivyo akiangalia saa yake.

Wewe ni karani wa mahakama, hebu niambie watu wa namna hii huko kwenu mnawafanyaje.

Dada yako,
Kanyange

Bukoba
1 Machi 1992

Dada Kanyange,

Shikamoo. Tumeipata barua yako na sisi ni wazima, ila mtoto wa tatu ana surua na anatusumbua kwa maswali. Rwechungura anasema umsalimie bwana Viateur na umwambie fanta aliyokunywa nayo iko ndani ya garanti, airudishe.

Watu wa namna hii tunao. Wiki haipiti bila mmoja kusimama mbele ya hakimu na kueleza kwamba mlango aliouza ulikuwa mzuri, ila bawaba ndizo zilizoanguka. Wote wana ujanja mmoja: wanauza kitu kizima, wakidaiwa wanakirudisha vipande vipande, na kila kipande si chao. Usimkubalie. Karatasi yao imesema yote. Neno hilo wameliandika wao, hukuwalazimisha.

Fanya hivi. Usiguse kitu, usimruhusu fundi mwingine kugusa, maana watasema ndiye aliyeharibu. Mtafute mpiga picha apige dari, kitanda na paa. Kisha waandikie barua, uwape muda wa kutengeneza, na mtu wao asaini kwamba ameipokea. Muda ukipita, nenda mahakamani. Huna haja ya kupiga kelele. Wenye makosa wanapenda sana mtu anayepiga kelele.

Sasa na mimi niulize. Mama analala wapi na chumba hakina dari? Anaoga maji gani? Umeandika habari za direkta ukurasa mzima na habari za Mama mstari mmoja. Tulikubaliana akae kwako mwaka mmoja kisha tuangalie. Kwa nini asije huku wakati mnagombana na hao watu? Mimi sina tangi juu ya paa, nina mafiga na sufuria, na kuni siku nyingine ni mbichi. Sikufichi. Lakini kitanda chake hakitaangukiwa.

Mdogo wako,
Mukunde

Gatsata
30 Machi 1992

Mdogo wangu,

Pole kwa surua. Mtoto afungiwe ndani, asijikune. Mama anakusalimu, siku hizi ana usingizi mwingi.

Nimefanya ulivyosema. Picha zimepigwa, barua imepelekwa, katibu wao amesaini huku amenuna. Ndipo fundi akaja, mmoja anaitwa Mugenzi, na ngazi ya kuazima kwa jirani yangu. Kampuni ya kazi za paani, na haina ngazi. Akapanda, akakaa huko juu kwa muda wa kuvuta sigara, akashuka na kusema kiungo hakina kosa. Paa ndilo limelegea, likalivuta bomba.

Nikamwambia, "Paa hili lilikuwa hapa miaka kumi na tatu kabla ya tangi lenu, na halijawahi kumwagia mtu maji."

"Ndiyo, Madamu. Lakini halikuwa na tangi."

"Nani aliyelipandisha tangi?"

Akakusanya spana zake. Akaondoka, ngazi ya jirani ikabaki ukutani.

Baada ya hapo majibu yakaanza kuja kwa zamu. Kwanza, kosa ni la paa. Wiki iliyofuata, kosa ni la Régie, shirika la maji, presha ya maji Gatsata ni kubwa mno, watu wa Gatsata ambao nusu ya wiki hatuoni hata tone. Kisha bwana Viateur akanipigia simu kwenye duka langu la mapazia, akasema kwa huzuni ya kanisani kwamba nchi iko vitani, Madamu, sote tunapaswa kuvumilia. Nikamwambia sijasikia kwamba vita vimefika kwenye kiungo cha bomba langu. Akakata.

Nimefungua kesi mahakama ya kantoni. Nimedai tangi, bomba na dari. Karani wa pale alinitazama kama mwanamke aliyekuja kumshtaki mbu.

Usinisumbue habari za kumchukua Mama. Ana chumba changu, mimi nalala dukani kando ya cherehani. Niliahidi atakuwa na maji ya moto katika nyumba hii, na atakuwa nayo.

Kanyange

Gatsata
17 Mei 1992

Mukunde,

Sijapata jibu lako. Labda msomaji wetu wa posta anaona raha kuliweka.

Habari mpya ni kwamba tumepata serikali mpya ya vyama vingi, kila mtu ana kofia ya rangi yake, na bwana Viateur amepata adabu. Alikuja na gari, na sanduku la fanta, akakaa kwenye kiti kilekile. Anasema ataweka tangi jipya na dari mpya mwezi huu huu. Anachotaka ni saini yangu tu kwenye karatasi inayosema kwamba niliridhika tangu mwanzo, kwamba hapakuwa na tatizo lolote, na kwamba sitazungumza habari za kampuni yake na wateja wangu wa Kiyovu. Kumbe alikuwa na hofu hiyo. Wale mabibi wakishika kitambaa cha pazia mkononi wanazungumza mambo yote, na tayari wawili wameniuliza kama ni kweli.

Nilimwambia, "Unataka niandike kwamba dari haikuanguka?"

"Ni maneno tu, Madamu."

"Garanti nayo ilikuwa maneno tu?"

Nikamrudishia karatasi yake na sanduku lake. Chupa zilikuwa za moto, alikuwa ameziacha juani ndani ya gari. Hicho ndicho kitu pekee cha moto kampuni ile imenipa mwaka huu.

Kesi ni Julai.

Kanyange

Bukoba
8 Juni 1992

Dada,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Machi na ya Mei, kwa hiyo nimesoma mwanzo na mwisho wa hasira yako kwa kikombe kimoja cha chai. Mtoto amepona. Ndizi zimekubali mwaka huu. Rwechungura amehamishiwa Muleba na anarudi mwisho wa juma.

Nilicheka sana juu ya ngazi. Kisha nikafika kwenye karatasi ya saini na sikucheka tena.

Ulifanya sawa kukataa kusaini uongo. Ningekuwa hakimu ningekupongeza. Lakini mimi si hakimu wako, ni mtoto wa mama yetu Mukankusi kama wewe. Siku ile ulipomrudishia Viateur karatasi yake, ulimrudishia na maji ya moto ya Mama. Ulimuuliza Mama kabla ya kukataa? Au ulimwambia baadaye, huku ukimchekesha kwa habari ya chupa?

Na jambo jingine. Mama hajui kuandika barua ndefu, lakini tangu niolewe huku hajawahi kukosa kuandika mstari wake mmoja chini ya barua yako, hata kama ni kuniuliza kwa nini nimekonda kwenye picha. Sasa nina barua tatu zisizo na mstari. Unasema ana usingizi. Mama yetu hana usingizi, Dada. Mama yetu tangu tuko wadogo anaamka kabla ya kuku.

Niandikie ukweli.

Mukunde

Gatsata
26 Julai 1992

Mdogo wangu Mukunde,

Natumaini mko salama na Rwechungura anazoea Muleba. Huku wanasema mazungumzo ya amani yameanza Arusha, na bei ya kitambaa imepanda hata hivyo.

Nimeshinda. Nakuandikia yote jinsi yalivyokuwa, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu kichwani.

Siku ya kesi nilimwambia Mama abaki nyumbani. Akavaa. Nikamwambia safari ni ndefu kwa miguu yake, akaniuliza kama miguu ni yangu. Basi tukapanda taksi. Mahakama ilijaa watu wa kesi za mashamba na watu wa kesi za mbuzi, na sisi katikati na picha zetu za dari. Bwana Viateur alikuja na avoka, wakili kijana mwenye viatu vinavyolia. Mimi nikaeleza, jaji akaangalia picha, akauliza maswali mawili matatu ya mtu mwenye akili. Nilianza kuona mambo yanakwenda.

Ndipo avoka akasimama. Hakugusa habari ya bomba wala ya paa. Alimnyooshea mkono Mama aliyekuwa kwenye benchi.

"Bwana jaji," akasema, "mdai anasema vifaa hivi viliwekwa kwa ajili ya bibi huyu. Bibi huyu amezaliwa Gahanga. Amechota maji bondeni maisha yake yote na kuyaoga yakiwa baridi, na tunamshukuru Mungu, ametimiza miaka sabini na zaidi. Leo tunaambiwa amepata hasara kwa sababu kwa miezi michache ameoga kama alivyooga siku zote. Dari tutazungumza, dari ni mbao. Lakini bibi huyu amepoteza nini?"

Watu wakacheka. Wale wale wa mbuzi, ambao nao wamechota maji bondeni. Viateur akatabasamu akitazama meza.

Mama akasema kutoka benchi, si kwa sauti kubwa, "Naweza kumjibu huyu mtoto?"

Jaji akauliza ni nani.

"Mimi ndiye mwenye maji."

Akamwita mbele. Alikwenda polepole, akashika ukingo wa meza ya karani, na nikaona anainama. Nilijua anachotaka kufanya. Nilisimama nikamwambia, "Mama, hapana." Akafungua kamba ya kiatu, akavua kiatu, akavua soksi, akamwambia karani amletee kiti. Karani akaleta. Akaupandisha mguu wa kulia juu ya kiti mbele ya jaji.

Mukunde, Mama hakuwa misani. Alikuwa kitandani na rozari. Dari ilipoanza kulia aliinuka, akashusha miguu, na maji yakamshukia mguu wa kulia kutoka kwenye goti mpaka vidoleni. Alilala hospitali Februari nzima na sehemu ya Machi. Mguu umepona, anatembea, ila ngozi ni ile ya kuungua na vidole viwili havikunjuki vizuri. Hukuambiwa. Sasa umeambiwa. Sikuuweka hata kwenye madai ya mahakama, kwa sababu hukumu zinasomwa, watu wanasafiri, na habari ingefika kwako.

Basi mguu ukawa pale juu ya kiti. Mama alimtazama avoka, akasema, "Nimeoga maji baridi miaka mingi, umesema kweli. Hayakuwahi kuniunguza."

Kisha akamgeukia Viateur. "Wewe ulisema nyumbani kwa binti yangu kwamba yote ni yote. Nilikuwepo, nilikuwa napepeta maharage. Halafu ukasema tangi ni lako, bomba si lako. Maji yaliponishukia sikuyaona yakichagua. Sasa nataka uniambie mbele ya huyu bwana. Huu mguu umo ndani ya yote, au haumo?"

Viateur akasema anasikitika sana.

"Sikukuuliza kama unasikitika," Mama akasema.

Jaji akamwambia ajibu. Akamtazama avoka wake, avoka akatazama viatu vyake vinavyolia. Jaji akaandika kwamba hakuna aliyejibu. Mama akavaa soksi mwenyewe. Alikataa mkono wangu.

Hukumu imesomwa juzi. Jaji amesema anayeuza kitu pamoja na kazi ya kukifunga ameuza maji ya moto, hakuuza vipande, na hawezi kujificha nyuma ya kiungo alichokifunga mwenyewe, wala nyuma ya paa alilolitazama kabla ya kulipandia. Wang'oe kila kitu, waimarishe paa, waweke kipya, wajenge dari, na kwa kuwa ameuona mguu kwa macho yake, gharama za hospitali ni zao. Na garanti ya miaka saba inaanza upya siku maji yatakapotoka.

Watu wananipa pongezi barabarani.

Kanyange

Bukoba
16 Agosti 1992

Dada Kanyange,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniagiza. Nimesoma mara nyingi.

Bwana Viateur alikuuzia kitu kibovu, na kilipoharibika akakuambia bomba si tangi. Wewe uliniambia Mama alikuwa misani. Aliogopa wateja wake wa Kiyovu wasijue, na wewe uliogopa mimi nisijue. Alikutaka uandike kwamba dari haikuanguka, ukamcheka. Mimi umeniandikia hivyo hivyo miezi sita, kwa mwandiko wako mzuri, na salamu juu yake.

Tofauti ninayoiona ni kwamba yeye amefikishwa mahakamani.

Nakuja kumchukua Mama nikipata likizo.

Mukunde

Gatsata
18 Oktoba 1992

Mukunde,

Nilianza kukujibu mara kadhaa nikachana. Mtoto wako wa kwanza nasikia amefaulu, mpe hongera zangu.

Sitajibu ulichoandika. Nakupa habari za kazi.

Baada ya hukumu Izuba Konfo walinyamaza kama wafu. Nikaenda, wakasema direkta yuko safarini Bujumbura, na huku gari lake liko nje. Nikaenda tena, wakasema vifaa vimekwama Mombasa. Basi nikaenda na mtu wa mahakama wa kutekeleza hukumu, bwana mmoja mwembamba anaitwa Mutsinzi, asiyecheka kabisa. Aliisoma hukumu kwa sauti mlangoni mwao, neno kwa neno, watu wakisimama barabarani kusikiliza. Alipomaliza akauliza tangi linalofaa liko wapi. Wakasema hakuna, yote yako Mombasa. Akanyoosha kalamu kuelekea dirishani, lile linalong'aa.

"Hilo ni la maonyesho," wakasema.

"Limeonekana," Mutsinzi akasema, akaliandika.

Walilitoa wenyewe na maua yake. Wamekuja na mbao nene, wamejenga upya paa, safari hii hata Mugenzi alikuwa na ngazi. Dari imepakwa rangi nyeupe. Maji yametoka mwanzoni mwa mwezi huu, ya moto kabisa, unachanganya na baridi.

Mama ameoga mara mbili. Lakini hataki kulala chumbani kwake. Jioni anabeba mto wake na kwenda kulala sebuleni. Nilimwonyesha mbao, nikamwita Mugenzi apande aruke juu ya paa mbele yake, naye akaruka, mjinga yule, mpaka majirani wakatoka. Mama akasema ameona, asante. Akalala sebuleni.

Chumba kiko tayari. Ukija, utalala wewe humo.

Kanyange

Bukoba
6 Desemba 1992

Dada Kanyange,

Shikamoo. Tumefika salama. Mama ana mafua kidogo ya safari na ameshaikosoa nyumba yangu yote kuanzia mlango. Watoto wanamwogopa na hawamwachi.

Asubuhi tuliyoondoka uliniambia una mteja Kiyovu na huwezi kumkosa. Mama alikungoja mpaka taksi ikapiga honi mara ya tatu. Sikusema kitu mbele yake, nasema sasa: hapakuwa na mteja Kiyovu Jumapili.

Najua uliamini nitakuja kukuonea. Usiku niliofika nililala chumbani chini ya tangi lako na asubuhi nikaoga, na niseme kweli, sijawahi kuoga maji mazuri kama yale. Nilipotoka nilimwambia Mama kwamba, kusema haki, hapa ni bora kuliko kwangu, na kama anataka kubaki abaki, sitagombana nawe tena. Hukusikia, ulikuwa nje unanunua mkate.

Akaendelea kufunga mzigo wake. Jibu alinipa mpakani Rusumo, tulipokuwa tunavuka daraja kwa miguu na mizigo. Nilimuuliza kwa nini ameacha maji ya moto aje kwenye sufuria yangu. Alisimama akashika chuma cha daraja, akasema, "Dada yako ni mtu wa kazi. Alinishindia kesi. Lakini mwaka mzima kila mtu aliyeingia nyumba ile alikuja kutazama dari, kisha mguu, kisha akaondoka. Nilikuwa picha kwenye faili lake. Kwako najua maji ni baridi kabla sijavua nguo."

Nilifikiri nisikuandikie hayo. Kisha nikaona nitakuwa nami nimeanza kukuandikia kwamba Mama alikuwa misani.

Anakula vizuri. Mguu naupaka mafuta jioni. Mstari wa chini ni wake.

Mukunde

*Kanyange, sijakasirika. Kula. Mama.*

Gatsata
17 Januari 1993

Mdogo wangu Mukunde, na Mama,

Nawasalimu wote. Barua imefika, safari hii haikufunguliwa, au msomaji amepata gundi nzuri.

Ni kweli hapakuwa na mteja. Nilikwenda dukani nikakaa kwenye cherehani na mlango umefungwa, nikasikia taksi yenu ikipita kuelekea stendi ya Nyabugogo. Nilikuwa na pazia mkononi na sikulishona.

Nyumba ni kimya. Barabara mara nyingine zinafungwa na waandamanaji na sitoki. Wamekuja watu wanne wenye karatasi za Izuba Konfo, mmoja ni mjane kutoka Gahanga anaitwa Mukandayisenga, tangi lake halijawahi kupasha maji hata siku moja na wanamwambia kosa ni la jua. Nilimsomea hukumu yetu pale mezani. Alipouliza kama kuna mtu aliyeumia kwangu, nilimwambia ndiyo, mama yangu, mguu wa kulia. Nilisema bila kuulizwa mara mbili. Jumanne nakwenda naye kantoni. Viateur akituona pamoja mlangoni atatafuta safari ya Bujumbura.

Maji yanatoka ya moto kila asubuhi. Naoga haraka na kufunga.

Mama, nimekula. Nilipika maharage yakaungua chini, nikala yaliyo juu.

Nataka kuja. Sitaandika tarehe, na sitawaambia mniandalie kitu. Siku nikifika mtaniona mlangoni, na kama maji ni baridi nitayaoga hivyo hivyo.

Kanyange